Nipeeni Jeshi la Wikendi

Wasee, leo sina klipu ya kuchekesha. Niko na stori na niko na hoja, na hoja yenyewe itakasirisha baadhi yenu, kwa hivyo kunyweni maji kwanza.

Juzi nilikuwa matanga huko upande wa Keroka. Kazi, sio kulia. Mnajua kwetu Gusii siku hizi mazishi yamekuwa projekti. Familia inaweza kukosa tenti ya pili, lakini lazima kuwe na droni inapiga picha ya jeneza likitoka nyumbani, migomba huku, majani chai kule, watu wakionekana kama siafu. Mimi ndio yule msee wa droni. Na kabla hamjaniuliza, imesajiliwa na mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA, vile kanuni za 2020 zinataka, na sipandi juu ya futi 400. Nilishalia vya kutosha na karatasi za chuo, sitaki kulia na za korti.

Sasa nikishusha droni kubadilisha betri, mzee mmoja akanikaribia na bakora yake. Mzee wa heshima, wale ukiwasalimia unatoa kofia. Akaangalia hiyo kitu nyasini kwa muda, halafu akaniuliza, "Omomura, hii inaweza kubeba kitu ya kulipuka?"

Nikamwambia, "Ndiyo, sokoro. Hii ni ndogo, lakini kule Ukraine zinabeba."

Akatingisha kichwa polepole. Kisha akauliza swali lingine. "Na hapa kwetu ikikuja, nani ataitoa huko juu?"

Nikafungua mdomo. Nikaufunga. Nikamwambia serikali iko na ndege za kivita. Akaniangalia vile wazee wanaangalia mtu aliyekula nauli. Akaenda zake kukula.

Swali la huyo mzee limenikosesha usingizi, na si kwa sababu naamini kuna mtu anapanga kupiga bomu soko la Daraja Mbili. Hapana. Sijui nani angetaka kulipua ndizi zetu. Kilichonisumbua ni kwamba katika hayo matanga yote, watu karibu elfu moja, mimi mwenye kuacha chuo mwaka wa pili ndiye pengine nilikuwa najua mengi zaidi kuhusu kitu kinachopaa bila rubani. Na mara ya mwisho nilipojaribu kuwa askari, nilitolewa kwa kilo tatu.

Ngoja niwaeleze hiyo. KDF ikiandikisha makurutu wa kawaida, masharti yako wazi: uwe kati ya miaka 18 na 26, uwe na angalau D ya KCSE, mwanaume uwe na urefu wa mita 1.60 na uzito wa kilo 54.55. Nilipanda mizani nikaonyesha 51 na kidogo. Nikaambiwa asante, mwingine. Simlaumu mtu. Sheria ni sheria, na askari wa miguu anabeba mzigo mzito kunishinda. Meno walikuwa wameshaangalia, wakaona yako sawa. Miguu sawa. Mbio nilimaliza katikati ya kundi. Lakini hakuna mahali kwenye fomu panapouliza kama unajua kuendesha kitu angani, kama unaweza kusoma upepo juu ya bonde, kama unajua redio inaingiliwa vipi na mlima. Ni kweli kuna nafasi za mafundi wenye vyeti. Mimi sina cheti. Niko na vidole.

Sasa hoja yangu ndio hii. Nataka Kenya iwe na wanajeshi wa muda wa kulinda anga. Watu wenye kazi zao za kawaida, boda, saluni, ualimu, kontenti, wanaofunzwa wikendi mbili kwa mwezi, wanaolipwa posho, wenye vifaa vyao tayari kwenye ghala la kaunti. Na nataka hiyo ifanywe sasa wakati hakuna kitu. Vita ikishaanza itakuwa kukimbizana tu.

Wengine mnasema nimetazama video nyingi. Sawa. Lakini nisikilizeni, maana hii kitu ya askari wa muda si ya kizungu kwetu. Babu zetu walikuwa nayo. Inaitwa egesarate. Vijana waliotahiriwa na hawajaoa, abamura, walikuwa wanaishi kwenye kambi za ng'ombe, ebisarate, wakilinda mifugo dhidi ya wavamizi. Hawakuwa wanajeshi wa kudumu. Walikuwa wana wa boma wenye mikuki na ngao, na kazi yao ilikuwa kuwa macho usiku. Waingereza walipoingia walizichukia hizo kambi, wakaona ni vituo vya fujo, wakazifuta miaka ya 1912 na 1913.

Hesabu hiyo tarehe vizuri. Septemba 1914, mwaka mmoja tu baadaye, kikosi cha Wajerumani kilivuka mpaka kutoka upande wa Tanzania ya leo na kuingia mji wa Kisii. Maafisa wa Kiingereza walikuwa wameshaondoka. Ilibidi askari wa King's African Rifles waletwe kutoka Kisumu, wakapigana na Wajerumani nje ya mji tarehe 12, kapteni wao Thorneycroft akauawa hapo, na Wajerumani wakarudi walikotoka. Halafu watu wetu, walioona mabwana wamekimbia, wakaingia mjini wakabeba vitu. Adhabu yake ikaja: faini ya ng'ombe, na baadaye vijana wakachukuliwa kwa maelfu kwenda kubeba mizigo ya vita, ile kariakoo. Kwa hivyo mtu asiniambie Kisii vita haiwezi kufika. Imewahi kufika hadi mjini. Na ilipofika, waliokuwa wanalinda walikuwa wamenyang'anywa kazi, na wenye kazi walikuwa wamehama.

Na kuna kingine cha hiyo miaka ambacho kinanichoma zaidi. Mwaka 1911 Waingereza walivunja batalioni nzima ya pili ya KAR kupunguza gharama. Askari waliofunzwa, wanaojua bunduki, wakaambiwa rudini nyumbani. Mnajua wengi wao walienda wapi? Walivuka wakaajiriwa na Wajerumani. Vita ilipoanza 1914, Waingereza wakapigwa risasi na watu waliowafunza wenyewe.

Sasa soma habari za Novemba 2025. Serikali yetu yenyewe ilisema Wakenya zaidi ya 200 wamejiunga na jeshi la Urusi kupigana Ukraine. Baadhi yao walidhani wanaenda kazi ya udereva au ulinzi. Wengine walikuwa wamewahi kuvaa gwanda hapa nyumbani. Sisemi jeshi la wikendi lingewazuia wote, umaskini hauzuiwi na posho. Lakini kijana mwenye ujuzi ambao nyumbani hakuna anayeuhitaji ni bidhaa, na kuna mnunuzi kila mahali. Mimi mwenyewe nimewahi kutumiwa ujumbe na mtu nisiyemjua akiuliza kama naweza "kufanya kazi ya droni nje ya nchi, malipo mazuri". Nilimzuia. Nilimzuia baada ya siku mbili, wasee. Siku mbili nzima nilikuwa nahesabu kodi ya nyumba.

Turudi juu angani.

Kitu watu wengi hawaelewi ni kwamba kulinda anga si ndege za kivita tu. Hizo ni za kupigana na ndege zingine. Shida ya sasa ni vitu vidogo, vya bei ya chini, vingi. Zile droni za Shahed ambazo Urusi inazituma Ukraine usiku zinakimbia karibu kilomita 180 kwa saa, zina kilipuzi cha kilo kama 50, na injini yake inalia kama pikipiki. Sitanii. Waukraine wanaziita kwa jina la pikipiki ndogo. Fikiria boda ya Suneka saa nane usiku, lakini iko juu ya paa lako. Ukiirushia kombora la Patriot linalogharimu dola zaidi ya milioni 3, umeitungua, na umefilisika.

Kwa hivyo Waukraine walifanya nini? Walichukua watu wa kawaida. Kuna vikundi vya kujitolea vyenye bunduki za rashasha juu ya pikapu na taa kali, vinazunguka usiku. Pale Bucha kuna kikundi cha wanawake, kati yao walimu na madaktari, mchana wanafunza na kutibu, jioni wanavaa gwanda, na baadhi ya silaha zao ni rashasha za Maxim, muundo wa zamani hata kuliko hiyo vita ya Kisii niliyowaambia. Hata majaji wa mahakama ya juu kule Kyiv wamefanya zamu za kutungua droni. Halafu kuna maelfu ya maikrofoni juu ya milingoti nchi nzima, kila kimoja kinagharimu dola mia chache tu, zinasikiliza ule mlio na kutuma habari kupitia vitu kama simu. Na tangu Oktoba 2022 wana programu ya simu: raia anaona droni, anaelekeza simu upande ule, anabonyeza, na jeshi linapata alama kwenye ramani.

Simu, wasee. Kitu ambacho kila mmoja wenu anasoma nacho hii stori.

Uingereza nao walifanya hivyo zamani kabla ya Vita ya Pili. Kazi ya mizinga ya kutungua ndege waliwapa jeshi lao la muda, makarani na mafundi wanaofanya mazoezi jioni na wikendi, na walikuwa na raia wa kujitolea wa kuangalia anga kwa darubini na kupiga simu. Lakini soma vizuri sehemu ya pili ya hiyo stori. Septemba 1938, mgogoro wa Munich ulipopamba moto, hao watu waliitwa kwenye mizinga yao na wengi wakakuta vifaa havijakamilika, mizinga mingine ni ile ya vita ya kwanza. Watu walikuwepo. Chuma hakikuwepo. Bahati yao vita ilichelewa mwaka mmoja, wakapata muda wa kujaza mapengo.

Kwetu Kenya je? Mwaka 1937 serikali ya kikoloni iliunda Kenya Regiment, jeshi la muda hasa, na lilikuwa la Wazungu peke yao. Vita ilipokuja 1939 waliunda pia kikosi cha akiba cha anga kwa kuchukua marubani na ndege za kampuni ya Wilson Airways. Mwafrika hakuwa na nafasi kwenye hilo jeshi la muda. Juni 1940 Waitaliano wakapiga Wajir kutoka angani. Oktoba mwaka huo huo wakaangusha mabomu Malindi. Baadaye ndio Waafrika wa Afrika Mashariki wakafunzwa mizinga ya kutungua ndege, na wakaiweza vizuri tu. Yaani ule uwezo ulikuwepo siku zote, ulikuwa unangoja mtu aamini kwamba upo.

Sasa najua mnachotaka kuniuliza. Naiona kwenye macho yenu. "Wewe kijana, Juni 25, 2024 ulikuwa wapi?"

Nilikuwa barabarani. Hapa hapa Kisii, na macho yangu yaliwaka kama yenu. Na jioni ile niliona tangazo kwamba KDF inaletwa kusaidia polisi. Kwa hivyo msidhani mimi ni mtoto wa serikali. Hii ndio sehemu ambayo mimi mwenyewe nimebishana nayo usiku kucha: kwa nini nimsaidie mtu kuona kutoka juu, wakati naweza kuwa mimi ndiye nitakayeonwa?

Jibu langu halijakamilika, lakini ni hili. Ukiacha anga mikononi mwa watu wachache waliojifungia kambini, hutajua wanaangalia nini. Ukiweka kwenye hizo zamu mwalimu wa Kebirigo, dada wa duka la simu la Nyamira na mimi, siku mtu atakaposema "geuzeni hizo kamera ziangalie maandamano," kutakuwa na watu hapo wenye ndugu kwenye maandamano. Lakini sitaki kutegemea moyo wa mtu. Sheria ya KDF ya 2012 tayari inazungumzia jeshi la akiba. Basi iandikwe humo waziwazi: hiki kikosi ni cha anga peke yake, hakitumwi kwa raia, hakihifadhi picha za raia, na mtu akitoa amri kinyume na hiyo, kukataa si kosa. Kama bunge haliwezi kuandika hiyo mistari, basi hata mimi sijiungi. Nirudi kwa harusi zangu.

Kitu cha pili ni vifaa, na hapa siko tayari kubembelezwa. Msiandikishe mtu kabla ya kifaa. Tumeona vile akiba ya polisi, wale NPR wa kule Baringo na Turkana, walivyofanywa. Watu walijitolea miaka mingi bila mshahara, wengine na ndala miguuni, wakilinda ng'ombe na watoto. Mwaka 2019 bunduki zikachukuliwa. Wezi wa mifugo hawakuchukuliwa zao. Kwa hivyo nikisikia kiongozi anasema kwenye mazishi "tutawapa vijana nafasi elfu kumi", nitauliza: maikrofoni ngapi, redio ngapi, betri ngapi, bima ya nani? Ukiniambia nitapewa fulana na kofia, nitajua ni kampeni.

Kifaa chenyewe si lazima kiwe cha mabilioni. Angalia ardhi yetu. Manga imekaa pale juu kama mtu kwenye baraza, unaona hadi upande wa ziwa. Nyanchwa iko juu ya mji. Kiabonyoru iko kule Nyamira. Milingoti ya simu tayari imejaa kwenye vilele. Sisi tunaishi kwenye mahali ambapo Mungu alishajenga minara. Weka masikio hapo, weka vijana wawili kwa zamu, funza watu wa boda namna ya kutofautisha mlio. Hao jamaa wanaweza kukuambia pikipiki ni ya nani kabla haijapinda kona. Mimi naamini hiyo kabisa, jirani yangu anafanya hivyo kila usiku akingoja mumewe.

Kuandikisha nako. Hapa nitapunguza sauti kwa sababu inahusu nyumbani.

Binamu yangu, sitamtaja, alitaka jeshi kuliko kitu chochote. Urefu anao, kilo anazo. Mara ya kwanza hakuchukuliwa, watu ni wengi na nafasi ni chache, inaeleweka. Ndipo mtu fulani akamwambia baba yake kuna njia. Baba yake ni mkulima wa chai. Bonasi ya mwaka ule yote ikaenda, na ng'ombe mmoja akaifuata. Barua ikaja, ina muhuri, ina nembo, inasema aripoti Eldoret kwa mafunzo. Tulimfanyia maombi. Mama yake alimpikia kuku. Nilimpiga picha na sanduku lake jeusi, klipu nzuri sana, bado niko nayo na siwezi kuifuta wala kuiweka popote. Alifika getini, barua ikaangaliwa, akaambiwa ni bandia. Alikaa Eldoret siku nne akiogopa kurudi nyumbani. Yule mtu wa barua simu yake imezimwa hadi leo.

Kila mwaka wanatangaza kuandikisha ni bure, na ni kweli ni bure, na kila mwaka kuna baba anauza ng'ombe. Kwa nini? Kwa sababu ni siku moja, uwanja mmoja, maelfu ya vijana, na ukikosa unangoja mwaka mwingine huku umri unakimbia. Mahali penye mlango mmoja mwembamba hapakosi mtu wa kuuza funguo za uongo. Jeshi la wikendi lingekuwa na mlango tofauti. Unakuja polytechnic ya hapo karibu Jumamosi, unaonyesha unachojua, unarudi Jumamosi inayofuata, wenzako wanakuona, mwalimu anaandika. Baada ya miezi sita inajulikana nani anaweza na nani hawezi. Ni vigumu kuuza barua ya kitu ambacho watu thelathini wamekiona kwa macho yao.

Na uzito? Mtu wa kusikiliza maikrofoni juu ya Manga anahitaji masikio, subira na sweta nzito. Dada mwenye ulemavu wa mguu anaweza kukaa kwenye skrini kuliko mimi nisiyetulia. Sisemi kila mtu aingie. Nasema mizani ile ile isipime kazi mbili tofauti.

Kuna wale watasema pesa hakuna, hospitali hazina dawa, wewe unataka maikrofoni. Hiyo inaniuma kwa sababu ni kweli. Sina jibu zuri. Najua tu kwamba Mei 2025 droni zilipiga Port Sudan siku kadhaa mfululizo, uwanja wa ndege na maghala ya mafuta, mji ambao watu waliukimbilia wakidhani uko mbali na vita. Baada ya hapo hata hiyo pesa ya dawa inaenda wapi? Mafuta ya ambulensi yako ndani ya ghala linaloungua.

Nilirudi kwa yule mzee, by the way. Nilipeleka video ya mazishi kwa familia nikampata amekaa chini ya mparachichi. Nikamweleza haya yote, Bucha, maikrofoni, milima. Alisikiliza hadi mwisho. Akauliza kama hao wanawake walimu wanalipwa. Nikasema wengi ni wa kujitolea. Akasema, "Basi ninyi mlipwe kidogo, mkikosa kabisa mtaanza kuuza betri."

Binamu yangu anafikisha 26 mwaka huu, na amesema ataenda tena uwanjani, safari hii bila barua ya mtu. Nitampeleka. Nimeanza kula obokima mara mbili kwa siku na mayai asubuhi. Jana nilipanda mizani ya duka la dawa, shilingi kumi: kilo 53.